Mwalimu Aliyejipa Alama

Wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya msingi kule Mahege walikuwa wameshazoea kwamba mwalimu wao wa hesabu haandiki sehemu ya juu ya ubao. Alianzia katikati akashuka chini, na waliokaa nyuma walisimama ili waone. Walidhani ndiyo mtindo wake. Hawakujua kwamba Mwalimu Sikudhani akiinua mkono juu ya bega kwa muda wa kuandika mstari mmoja tu, mkono unakuwa mzito kama umening'inizwa ndoo, moyo unamwenda mbio, na tarakimu ubaoni zinaanza kuelea.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Hakuwa mgonjwa wa kulala kitandani. Alikuwa amechoka, basi. Aliamka amechoka kabla hajagusa hata fagio, akachoka njiani kwenda shuleni, na ikifika jioni aliona tabu hata kutafuna. Lini ilianza, hakumbuki. Labda miaka miwili, labda mitatu. Aliitafuta siku ya kwanza akilini kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, asiipate.

Kituo cha afya alikwenda mara nyingi, na kila mara alitoka na dawa za malaria. Akazinywa. Siku hizo maduka ya dawa yalikuwa yamechipua pale Kibiti, mji mdogo wa jirani, kila baada ya nyumba tatu. Mtu mwenye kabati la kioo na meza alikuuzia chochote ulichotaja. Sikudhani alinunua vidonge vya nguvu, vya njano na vya kijani, navyo akavinywa. Nguvu haikuja.

Mumewe, Mwinjuma, alikuwa mkulima wa korosho na ufuta, mtu asiye na maneno mengi. Watu wake waliteremka zamani kutoka milima ya Umatumbi, na mama yake, Bi Tabu, ambaye aliishi nao, bado alikisema Kimatumbi alipokasirika. Bi Tabu hakuwa na shaka juu ya maradhi ya mkwewe.

"Chango hilo, maradhi ya kike," alisema, kila mara. "Mwanamke anachoka, hana homa, hana kikohozi. Kitu gani tena? Chango. Nikuchimbie mizizi, hutaki. Unakimbilia vidonge."

"Nitakunywa, mama. Siku moja nitakunywa."

"Siku moja ipi? Ya kukuzika?"

Hata kubishana kulihitaji nguvu.

Mwezi wa tano mwaka 2007 akapata simu. Mdogo wake Saadi, fundi redio Dar es Salaam, alikuwa amenunua mpya, akamletea dada yake ile ya zamani: nyeusi, tarakimu ya nne imefutika kwenye kitufe, mfuniko wa nyuma umeshikwa na mpira wa kufungia noti. Mahege wakati ule mtandao ulipatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya vyoo vya shule, na hapo mtu alipaswa kusimama ameelekea mashariki. Kwa hiyo simu ya Sikudhani ilikuwa saa zaidi kuliko simu. Iliamsha watu alfajiri, hata ikiwa imezimwa, na Bi Tabu aliogopa hilo mno.

Kuichaji ilibidi aende Kibiti kila Jumamosi, dukani kwa Vasanti.

Vasanti alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu. Marehemu mumewe, Valli, alikuwa akinunua kamba wa kuliwa na miti ya mikoko kutoka huko delta, mto unapoingia baharini, na kuvisafirisha mjini. Mwanawe Gautam alihamia Dar es Salaam na mkewe, akamsihi mama amfuate, naye mama akakataa. Alibaki na duka la vitambaa, nyuzi na sabuni, na jenereta iliyounguruma uani ikiwasha taa mbili na kuchaji simu za watu kumi na tano. Alikuwa na kisukari. Jumamosi moja Sikudhani alimkuta amekaa nyuma ya kaunta anajichoma kidole kwa kisindano, tone la damu analiweka kwenye kikaratasi kilichochomekwa katika kidude kama kikokotoo.

"Shikamoo, mama Gautam. Unafanya nini?"

"Marahaba, mwalimu. Najipima." Akatazama kidude, akanyanyua simu yake, akabonyeza bonyeza. "Kumi na moja leo. Nimekula embe jana, mimi najua. Sasa naandika: embe, kumi na moja."

"Unaandika kwenye simu?"

"Daftari napoteza. Simu siwezi kupoteza, Gautam anapiga kila siku." Akaifuta ncha ya kidole. "Zamani daktari alikuwa ananiambia acha kila kitu. Acha wali, acha chapati, acha matunda. Nikaona nitakufa kwa njaa kwanza. Sasa najaribu mwenyewe. Wiki hii naacha hiki, nyingine kile. Kimoja kimoja. Ukiacha vyote pamoja hujui kipi ndicho. Nimegundua chapati haina shida kubwa, ila embe ni adui. Na nikitembea mpaka msikitini na kurudi, inashuka."

"Wewe unakwenda msikitini?"

"Mpaka mlangoni. Halafu nageuka." Vasanti alicheka, kisha akamtazama vizuri. "Na wewe? Mbona umeegemea mlango kama mzigo?"

Sikudhani akamweleza. Alijishangaa, kwa kuwa hakuwahi kumweleza mtu kwa urefu ule. Vasanti alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nina kidude," akasema. "Wewe huna kidude cha kupima kuchoka. Lakini wewe mwalimu. Kila siku unatoa alama. Jipe."

Jumatatu ya tarehe nne mwezi wa sita, Sikudhani akaanza. Kumi ilikuwa nguvu aliyokuwa nayo chuo cha ualimu, alipocheza netiboli mechi mbili kwa siku moja na bado akafua. Sifuri ilikuwa kulala chini asiweze kuamka. Alitega kengele ya simu ilie mara tatu: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni. Ikilia, popote alipo, alijiuliza kwa haki kabisa, bila kujipendelea na bila kujionea huruma, anastahili ngapi. Jioni alitafuta wastani, akauandika kwenye kalenda ya simu chini ya tarehe ile, pamoja na neno moja au mawili. Siku ya kwanza aliandika: *4. Hakuna chai.*

Maana jambo la kwanza alilolijaribu lilikuwa chai. Alikuwa mnywaji wa chai ya rangi, kali, asubuhi na mchana na baada ya kula. Akaiacha wiki mbili. Kichwa kikamuuma siku tatu, akavumilia. Wiki ya kwanza alama zilisimama kwenye nne. Mwishoni mwa wiki zikaporomoka: tatu, mbili, mbili, tatu. Wiki mbili zilipokwisha akairudia chai kwa hasira, na ndani ya siku chache zikapanda mpaka tano.

"Basi chai ndiyo dawa," alimwambia Vasanti.

"Kunywa," Vasanti alisema, lakini hakuonekana kuamini. "Sasa badili kingine."

Mwanzoni mwa mwezi wa saba, chai akiwa anakunywa, alama zikaanguka tena. Jambo la pili lilikuwa maji. Kisima kilikuwa bondeni, na yeye ndiye aliyechota tangu aolewe. Ndoo mbili kabla ya shule na moja jioni. Mabinti zake wawili wakubwa walikuwa wamekwenda kusoma bweni, na mdogo, Salima, alikuwa na miaka saba. Alizungushazunguka siku mbili nzima kabla ya kumwambia mumewe.

Mwinjuma alikuwa ananoa panga. "Nichote mimi?"

"Kwa mwezi mmoja tu, baba Salima. Nataka nione kama ni maji yanayonichosha."

"Watu watasema umenilisha kitu."

"Watasema."

Akanoa kidogo, akalijaribu panga kwa dole gumba. "Kwa baiskeli," alisema. "Sibebi kichwani."

Kesho yake, katikati ya mwezi wa saba, Mwinjuma alifunga madumu mawili ya mafuta ya kupikia kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli akashuka bondeni. Wanawake kisimani wakamsogezea nafasi kwa heshima ya kupita kiasi, wakimwita "bibi harusi". Aliwaacha waseme. Kila asubuhi alirudi na madumu yake, anatweta, suruali imelowa mpaka magotini, akayatua mlangoni bila neno.

Wiki mbili zile zilikuwa nzuri. Tano. Tano. Sita siku moja, na siku hiyo Sikudhani aliandika juu kabisa ya ubao, na wale wa nyuma wakakaa chini wakitazamana. Alimwambia mumewe usiku ule wakila, "Ndiyo hayo maji. Nilikuwa naumia bure." Mwinjuma aliitikia kwa kichwa akaendelea kula, lakini alionekana amefurahi.

Kisha, mwishoni mwa mwezi, bila sababu, alama zikaanguka tena. Nne, tatu, mbili. Maji yalikuwa mlangoni kila asubuhi kama kawaida, na yeye aliyatazama akiwa amekaa kwenye kinu, hana nguvu ya kuyamimina mtungini.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane, Mwinjuma aliichukua simu kutoka mezani. Alikuwa amefundishwa na Salima namna ya kuifungua kalenda. Akasoma siku baada ya siku, midomo ikimcheza.

"Jana umeandika mbili," akasema.

"Ndiyo."

"Juzi mbili."

"Ndiyo, baba Salima."

"Nachota maji mimi. Nachekwa na wanawake. Halafu unaniandikia mbili?"

"Sikuandikii wewe. Najiandikia mimi."

"Mimi ndiye ninayechota!" Aliirudisha simu mezani kwa kishindo hata ule mpira wa nyuma ukachomoka. "Ungekuwa unaniambia tu kwa mdomo kwamba nachota bure, ningeelewa. Lakini kunipa alama nyumbani kwangu kama mtoto wa shule!"

Akatoka. Sikudhani aliokota mpira, akaurudisha mahali pake. Alitaka kumfuata amweleze kwamba hata yeye hajui, kwamba anajaribu tu kama mtu anayepapasa ukuta gizani atafute mlango. Miguu ilikataa. Alikaa hapo hapo mpaka kengele ya saa kumi na mbili ikalia, akajipa mbili nyingine.

Mwinjuma hakuacha kuchota maji. Ila kwa siku tano hakusema naye zaidi ya salamu.

Bi Tabu aliona mlango wa dawa zake umefunguka. Tarehe nane alimwekea mkwewe bakuli la dawa ya mizizi, chungu kama nyongo, rangi ya maji ya bwawa. Sikudhani akainywa mbele yake, asubuhi na jioni, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki aliandika kwenye kalenda: *Dawa ya mama.* Na alama zikapanda! Nne, tano, tano, sita. Siku kumi mfululizo. Bi Tabu alitembea kijiji kizima akitangaza. Aliwaambia watu kwamba hata ile simu imekubali.

"Uliza simu yako," alimwambia Sikudhani kila jioni. "Inasemaje?"

"Inasema tano, mama."

"Enhe! Na ungekunywa zamani ingesema kumi."

Tarehe ishirini na tatu ya mwezi ule ule, akiwa bado anakunywa, zikaanguka tena. Bi Tabu aliongeza mizizi. Zikaendelea kuanguka. Safari hii Sikudhani alihisi kitu kibaya kuliko uchovu. Alihisi kwamba mwili wake unamchezea. Unamwacha aamini jambo kwa wiki mbili halafu unamnyang'anya. Chai, maji, mizizi, vyote vilimpandisha na vyote vikamdondosha. Aliendelea kuandika namba kwa sababu kengele ilikuwa ikilia, na kuitegua lilikuwa jambo jingine la kufanya.

Jumatano tarehe kumi na mbili mwezi wa tisa, alipofungua tarehe ile mapema aandike neno, simu ilikataa. Maneno yalitokea kwenye kioo: kumbukumbu imejaa. Kalenda ile ilishika mambo mia moja tu, na yeye alikuwa na siku mia moja.

Alikuwa amekaa ofisini kwa walimu, peke yake, madaftari ya watoto yamemzunguka hayajasahihishwa. Akafikiri aache shughuli hii kabisa. Kisha akasema moyoni, ngoja nifute baadhi nipate nafasi. Akaamua kufuta siku zenye nne na kuendelea. Siku hizo hazikuwa na tatizo, za nini? Alifuta moja moja, kwa kidole kizito, na ilimchukua vipindi viwili vya mapumziko. Alipomaliza akarudi kwenye ukurasa wa mwezi.

Simu ile ilikuwa na kawaida ya kukoleza wino tarehe yoyote yenye maandishi. Miezi yote mitatu kila tarehe ilikuwa nyeusi, kwa hiyo hakuwahi kuona kitu. Sasa zilibaki nyeusi zile mbaya peke yake, na hazikuwa zimetawanyika. Zilikaa pamoja, zimeshikana mikono. Mwezi wa sita, kuanzia tarehe tisa, siku tisa. Kisha nyeupe. Mwezi wa saba, kuanzia tarehe nne, siku nane. Nyeupe. Tarehe ishirini na nane. Nyeupe. Mwezi wa nane, tarehe ishirini na tatu.

Alikuwa mwalimu wa hesabu. Akachukua chaki iliyokuwa mezani, akaandika juu ya meza yenyewe: ishirini na tano, ishirini na nne, ishirini na sita. Akazitazama namba hizo kwa muda. Alizijua. Mwanamke yeyote anazijua. Akahesabu mbele kutoka ile ya mwisho, akaangukia kumi na saba au kumi na nane ya mwezi ule.

Hakumwambia mtu. Ramadhani iliingia siku mbili baadaye, akafunga na wenzake. Jumatatu ya tarehe kumi na saba, akiwa darasani, akahisi mgongo unavuta, akajua. Mchana alijificha jikoni akala kiporo cha muhogo, na Bi Tabu akamkuta.

"Umeshaingia mwezini?"

"Ndiyo, mama."

Bi Tabu akaketi kwenye kibao, akaanza kuchambua mchele wa futari. "Wewe nakuonea huruma na Ramadhani. Wenzio wanakula siku nne, tano, wanalipa zikaisha. Wewe siku nane, tisa. Unalipa mpaka Rajabu. Na zile khanga unazofua..." Mikono ikasimama juu ya mchele, akasema taratibu, kana kwamba amejisikia mwenyewe, "Zile ni nyingi, mwanangu."

"Mama yangu mzazi alikuwa hivyo hivyo. Nilijua ndivyo tulivyo."

"Mama yako alikufa na miaka mingapi?"

"Hamsini haikufika."

Bi Tabu aliendelea kuchambua mchele. Hakuitaja mizizi.

Jumatatu iliyofuata, alama ikiwa moja na nusu, Mwinjuma alimpakia mkewe kwenye baiskeli ile ile ya madumu mpaka barabarani, wakapata gari la mkaa hadi Kibiti. Kituoni walimkuta tabibu kijana aitwaye Haruni, aliyehamia karibuni. Alikuwa ameona wagonjwa tangu alfajiri, naye macho yalikuwa mekundu. Kabla Sikudhani hajakaa sawasawa, kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Mwili hauna nguvu, kichwa, viungo?"

"Subiri kwanza, daktari. Hiyo ni malaria unayoiandika. Nimeshaandikiwa mara nyingi." Alimnyooshea simu. "Leo sikuja kueleza. Nimekuja kuonyesha."

"Mwalimu, hii ni simu."

"Fungua kalenda."

Haruni aliipokea kwa mkono wa kushoto, kalamu bado iko kulia. Akatazama mwezi wa sita. Akabonyeza, akatazama wa saba. Kalamu akaiweka chini. Sikudhani alimweleza alama ni za nini, na kwamba siku nyeupe hazikuwa kumi, zilikuwa nne na tano. Haruni akamwomba Mwinjuma asubiri nje kidogo.

"Hizi siku nyeusi ndizo siku zako?"

"Zinaanza nazo. Damu inaisha, mimi nabaki chini siku mbili, tatu."

"Unabadili vitambaa mara ngapi kwa siku?"

Sikudhani alikuwa amehesabu vikombe vya chai, ndoo za maji na mabakuli ya dawa. Hicho hakuwahi kukihesabu. "Sijui," alisema. "Kila saa, siku za mwanzo. Shuleni navaa viwili na khanga juu yake."

Haruni alisogea, akamvuta kope ya chini ya jicho. Akatazama viganja vyake, akavilinganisha na vya kwake mwenyewe. Kisha akampeleka maabara. Majibu yalirudi kwenye kipande cha karatasi.

"Wingi wa damu yako ni sita na kidogo. Mwanamke anatakiwa awe na kumi na mbili hivi."

"Nusu," alisema Sikudhani.

"Nusu."

"Nimekuwa nikifundisha na nusu ya damu."

"Na kulima, na kuchota maji." Haruni alikuwa anaandika sasa, haraka. "Sielewi ulikuwa unasimamaje."

Nje, kwenye benchi, Mwinjuma alikuwa amekaa na kofia mkononi. Alipoelezwa, aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo siyo maji?" Sikudhani akamwambia maji yalisaidia, kweli yalisaidia, ila hayakuwa peke yake. Mumewe akavaa kofia. "Basi nitaendelea," akasema.

Walimpa vidonge vya kuongeza damu, vilivyomfanya choo kiwe cheusi na tumbo limsokote, na barua ya kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam kupigwa picha ya tumbo. Mwezi wa kumi na moja Saadi alimpokea, akampeleka. Walikuta vivimbe vitatu katika mfuko wa uzazi, kimoja ukubwa wa chungwa. Daktari wa huko, mama mtu mzima, alimwambia si saratani, lakini damu haitakoma mpaka mfuko utolewe, au asubiri ukomo wa hedhi. Miaka minane, labda kumi.

Alirudi Mahege na habari hiyo, akakaa nayo miezi. Alikuwa na mabinti watatu, na Bi Tabu hakuwahi kuficha kwamba alimtarajia mjukuu wa kiume wa kurithi mikorosho. Vidonge vilimpandisha, kufikia mwaka mpya alikuwa anagusa sita, na siku nyeusi zilikuwa za tatu badala ya mbili. Angeweza kuendelea hivyo. Walimu wenzake walimwambia aendelee hivyo. Mwanamke atolewe kizazi, atabaki nini?

Alilisema jambo hilo mbele ya mumewe na mama mkwe pamoja, mchana wa Ijumaa, watu wametoka kuswali.

"Mimi nimechoka," alisema. "Sitaki kusubiri miaka kumi. Kama kuna anayetaka mtoto mwingine kutoka kwangu, aseme leo."

Mwinjuma akamtazama mama yake. Bi Tabu alikuwa anatazama ukuta.

"Mama," alisema Mwinjuma, "mikorosho hata Salima anaweza kuipalilia."

"Nani amesema kitu?" Bi Tabu alijibu. "Nimesema kitu mimi?" Akainuka, akaingia chumbani kwake, na hakutoka mpaka magharibi. Hakukubali wala hakukataa. Lakini Sikudhani alipoondoka kwenda kupasuliwa, mwezi wa sita mwaka 2008, mama mkwe alifunga safari naye, akalala wiki tatu sakafuni nyumbani kwa Saadi, akimpikia uji na kugombana na majirani wa mjini.

Kupona hakukuwa haraka kama alivyotumaini. Jeraha lilitunga usaha, likafunguliwa tena. Alikosa muhula mzima. Alirudi darasani mwezi wa kwanza, mwembamba, akaandika ubao mzima kutoka juu hadi chini kisha akalazimika kuketi. Siku zilivyokwenda akaketi mara chache zaidi. Hakuifikia kumi, wala nane hakuifikia mara nyingi. Alikuwa bado anachoka: ana watoto sabini darasani, ana shamba, ana nyumba. Ila sasa ulikuwa uchovu wenye sababu, akilala unapungua, na asubuhi aliweza kusikia njaa. Akaacha kujipa alama. Hakuiamua siku maalumu. Kengele ililia siku moja, akaizima, akaendelea kupika.

Vasanti hakuwepo tena wa kuambiwa. Kidonda cha mguuni kilikuwa kimekataa kupona, na Gautam akaja na gari akalifunga duka, akamchukua mama. Jumamosi ya mwisho walizungumza kidogo tu, katikati ya maboksi. "Embe nimeacha kabisa," Vasanti alisema, "na mguu haujui." Walibadilishana namba. Mara mbili tatu Sikudhani alipanda kichuguu akampigia, wakasalimiana. Kisha ile namba ikawa haipatikani.

Mwaka uliofuata magoti ya Bi Tabu yakamshinda. Alishinda uani kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, akipaka mafuta ya nyonyo na kulalamika kwa Kimatumbi. Zahanati walimwambia ni uzee. Jioni moja Sikudhani anarudi shuleni, mama mkwe akamwita.

"Ile simu yako unayo?"

"Ninayo, mama."

"Na mimi niandike."

Sikudhani alitua mkoba. Alijua hakuna kalenda itakayofichua kitu katika magoti ya mwanamke wa miaka sabini na tano aliyelima tangu akiwa na kumi. Alikuwa na madaftari ya kusahihisha, na moto haujawashwa. Akaketi kwenye ukingo wa mkeka, akatoa simu.

"Haya. Kumi ni magoti uliyokuwa nayo ukiwa msichana. Sifuri ni kushindwa kusimama. Leo ngapi?"

Bi Tabu alifikiri kwa makini, akilibonyeza goti la kulia, kisha la kushoto.

"La kulia tatu. La kushoto mbili."

"Umefanya nini leo?"

"Nimekaa."

"Kesho jaribu kutembea mpaka kwenye mikorosho ya kwanza na kurudi. Tuone itakuwa ngapi."

"Nikifika nikashindwa kurudi?"

"Baba Salima atakufuata na baiskeli."

Bi Tabu akacheka, akajishika goti. Sikudhani akaandika: *3, 2. Amekaa.* Akaihifadhi, akanyanyuka kwa kujisukuma kwa mikono, akaenda kuwasha moto.